Wimbo wa Mguu wa Dafroza

Wimbo ule tuliutunga kwa utani, tukipalilia maharage. Dada yangu Dafroza alikuwa amejikata mguu kwa jembe msimu uliopita, na kidonda kilipofunga akabaki anachechemea. Mimi nilipalilia nyuma yake, namcheka: leo kobe ametangulia! Hakuwa mtu wa kununa. Akaimba, "Mguu wangu, utanifikisha?" Nikaitikia, "Utakufikisha, niko nyuma yako." Keza, binti yake mdogo, akapiga makofi. Jioni tukala ugali wa muhogo, tukalala.

Hiyo ndiyo Burundi ninayoikumbuka. Mwaka huo wa 2015, vijana wenye silaha walianza kupita nyumba kwa nyumba kilimani kwetu, wakiuliza nani yuko upande gani. Jirani yetu aliwajibu vibaya, tukamzika. Baba Keza alitoka kwenda sokoni, hakurudi. Asubuhi moja tukaungana na majirani wachache tukaelekea mpaka wa Tanzania.

Tulipita kwenye majani marefu, humwoni mwenzako hatua chache tu nyuma. Nilimbeba Keza mgongoni.

"Tangulia na mtoto," Dafroza alisema. "Mimi na mguu wangu tunakuja."

Akawa anaimba kwa sauti ya chini, nami naitikia. Ndivyo nilivyojua yupo.

Karibu na mto Malagarasi, risasi zikalia.

Nilijitupa chini. Keza hakulia.

Risasi zikakoma. Kisha nikasikia, "Mguu wangu..."

Hakumalizia.

Niliitikia. Nikaitikia tena. Nikaanza kutambaa kurudi, jirani mmoja akanikamata kitenge.

"Weye! Utamuua mtoto!"

Akanivusha mto kwa nguvu. Nilimtukana mpaka ng'ambo.

Kibondo nilimuuliza kila aliyefika: hukumwona mwanamke anayechechemea? Watu wakaanza kunikwepa. Kisha mabasi yakatuleta kambini Kasulu, nikamwacha Dafroza mbali zaidi, kama vile mimi ndiye niliyechagua.

Sijui nani alinisikia nikiuimba ule wimbo chini kwa chini tukiokota kuni. Haukupita muda, wanawake wa kwaya wakauchukua, wakaongeza Yesu. Mhubiri akaeleza maana yake: mguu ni roho iliyojeruhiwa, nayo itapona. Watu wakalia. Kiongozi wa kwaya, Mama Esperansi, akanishika mkono.

"Dada, wimbo wako ni dawa. Ihangane, jikaze, tuimbishe."

"Dawa ya nani?" nikamfokea. "Ule ni mguu! Una kovu la jembe! Uko wapi?"

Nikauvuta mkono wangu, nikatoka. Sikuingia tena kanisani, na wimbo ule niliuapia: sitauitikia mpaka mwenyewe aje auanzishe.

Tangu mtoni, Keza hakuwa ametamka neno. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya maji, yeye mbele yangu, amekumbatia kidumu chake. Akaanza, sauti kama ya mama yake:

"Mguu wangu, utanifikisha?"

Nilitaka kumziba mdomo. Kama nikiitikia, basi nimekubali kwamba Dafroza haji.

Keza akageuka, akanitazama. Akarudia. Alikuwa anangoja, kama mimi nilivyongoja kwenye majani.

"Utakufikisha," nikasema. "Niko nyuma yako."

Akageuka mbele, akasogeza kidumu.

Leo watu huniuliza kama wimbo ule uliniponya. Haukuniponya. Dafroza hakuja, na kaburi sina. Ila mtoto akiuanzisha, mimi huitikia.