Mashine ya Mkono Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, kalamu na rundo la fomu za kijani, nikaambiwa nisiguse kitu kingine. Kiwanda chetu kilikuwa Eneo la Viwanda, ukuta kwa ukuta na mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta na kuziuza moja kwa moja kwa mtumiaji, bila kupitia duka lolote la mjini. Ilikuwa miaka ya tisini. Kule mtaani Kaloleni nilikozaliwa, binti wa mfanyakazi wa reli, wengi walikuwa wameiona kompyuta kupitia kioo cha benki tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesomea uhazili, yaani kupiga chapa na kutunza ofisi. Kompyuta nilijifunzia hapo hapo.

Cheo changu kilikuwa karani wa maagizo. Ninyi vijana mnaingia dukani, mnaonyesha kwa kidole, mnaondoka na boksi. Kwetu mashine haikuwepo mpaka mteja aitamke. Aliketi mbele yangu nikamuuliza: unataka prosesa ya kasi gani? Hiyo ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote. Kumbukumbu kiasi gani? Kumbukumbu ni kama ukubwa wa meza unayofanyia kazi, na diski kuu ni kabati unamohifadhi ukishamaliza. Skrini ya inchi ngapi? Kasha la kulala au la kusimama? Kila jibu nililitia alama kwenye kisanduku chake. Fomu ilikwenda kwa mafundi, mashine ikaundwa, kisha ikaachwa ikiwaka siku mbili mfululizo ili chenye ubovu kijionyeshe mapema. Kazi hiyo tuliiita kupika. Mashine isiyopikwa haikutoka langoni.

Mkubwa wangu wa kwanza, Meneja wa Mauzo, alikuwa mtu nadhifu aliyezipenda fomu kuliko watu. "Peninah," aliniambia, "kama hakuna kisanduku, hakuna bidhaa." Nilimwamini mwaka mzima.

Jumatatu moja asubuhi nilisikia mabishano langoni. Askari wa zamu alikuwa amemzuia mtu mmoja na kumwelekeza kwenye foleni ya wanaotafuta kazi ya siku.

"Mzee, kibarua imejaa," askari alikuwa anasema. "Na hata ingekuwepo, na huo mkono?"

"Sikuja kuomba kibarua. Nimekuja kununua kompyuta."

Foleni nzima ikacheka. Nilitoka nikamfungulia lango mwenyewe, nikamkaribisha ndani.

Aliitwa Barasa, mtu wa Bungoma, umri kama miaka arobaini. Mkono wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko. Mashine ya kukandamiza plastiki ilikuwa imeuchukua katika kiwanda alichokuwa akifanya kazi. Aliishi Kaloleni, alikuwa katibu wa kanisa lake, na majirani walikuwa wakimletea barua zao awaandikie. Sasa alitaka kufungua ofisi ya kupiga chapa katika chumba kimoja karibu na ukumbi wa jamii.

"Mjini wamenionyesha mashine nzuri, dada," aliniambia. "Nikajaribu kuandika jina langu. Kumbe herufi kubwa inataka vidole viwili kwa mpigo, kimoja huku, kingine kule. Muuzaji akaniambia nije na mtu wa kunisaidia. Sasa nifungue ofisi, halafu nitafute mtu wa kuniandikia jina langu?"

Haraka aliyokuwa nayo ilikuwa na sababu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alikuwa ameahidi kumpa mitihani ya muhula aichape, lakini alitaka kuona sampuli ya kazi yake Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akishindwa, mitihani ingepelekwa mjini, na bila shule ile ofisi isingekuwa na kazi ya kuanzia.

Niliigeuza fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na kisanduku. Ndipo nilipokumbuka chuo. Tulipofundishwa kuandika kutoka kwenye kanda za sauti, tuliisimamisha na kuiendesha kanda kwa pedali ndogo chini ya meza, mikono ikiendelea kupiga chapa.

"Bwana Barasa, miguu yako iko sawa?"

Alivitazama viatu vyake. "Hiyo waliniachia."

Nilimpeleka karakana kwa Fundi Mkuu, mtu mkimya mwenye penseli nyuma ya sikio. Alinisikiliza, akafungua kibodi mpya, akaichungulia. "Kitufe ni swichi tu," alisema. "Swichi haijui kama imebonyezwa na kidole au kisigino." Tukakubaliana atoboe kibodi, avute waya kutoka kitufe cha herufi kubwa hadi pedali ya chini ya meza. Alimketisha Barasa kwenye benchi lake, akamwambia aandike hewani, akapima kwa chaki mkono ulikofika. Kasha likapangwa likae kulia ili mdomo wa disketi uwe karibu. Kumbukumbu kubwa hakuihitaji, nikamwambia hivyo wazi. Tuliongeza ukubwa wa skrini, kwa sababu angeikodolea macho kutwa. Nami nikaandika yote pembezoni mwa fomu, mahali ambapo hapakuruhusiwa kuandikwa.

Mashine ikiwa siku ya pili ya kupikwa, Meneja alipita karakana akauona waya.

"Nani ametoboa kibodi mpya?"

"Ni agizo la mteja, bwana," nilisema.

"Agizo la kisanduku kipi? Ikiharibika, dhamana yetu inasemaje? Ondoeni hiyo takataka, wekeni kibodi ya kawaida."

"Tukiiondoa atakuwa amenunua pambo la mezani."

Alinisukumia fomu. "Basi andika. Andika kwamba mabadiliko haya ni yako. Ikirudi hapa na hitilafu, wewe unarudi nyumbani."

Nyumbani nilikuwa na mama mjane na wadogo wawili waliokuwa shuleni. Niliandika vilevile alivyosema. Nikaweka sahihi. Fundi Mkuu akaichukua kalamu mkononi mwangu, akatia yake chini ya yangu, akarudi kwenye benchi lake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata tuliipeleka Kaloleni kwa gari la kiwanda, mimi na Fundi Mkuu. Mke wa Barasa, Mama Nafula, alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma juu ya meza na kututengea chai. Tuliunganisha nyaya na printa, Barasa akaketi, akaweka mguu kwenye pedali, akaanza barua ya kumwandikia mwalimu mkuu. Mama Nafula aliinama kusoma.

"Baba Nafula, mbona zote kubwa hivi, kama bango la mazishi?"

Pedali ilikuwa imekwama chini. Barasa aliinua mguu, akakanyaga tena, herufi kubwa zikazidi kumiminika. Hakuna aliyecheka. Niliona ile karatasi yenye sahihi yangu kana kwamba iko palepale mezani.

Fundi Mkuu alipiga magoti. "Springi ni dhaifu," alisema akiwa chini ya meza. "Mama, kuna kandambili ya zamani humu?" Akaletewa. Akakata kipande cha kisigino kwa kisu, akakigandisha kwa gundi chini ya pedali ili kiisukume juu, tukangoja ikauke huku chai ikipoa. Barasa akajaribu upya. Herufi ya kwanza ikatoka kubwa. Zilizofuata zikatoka ndogo. Aliandika jina lake, akafuta, akaliandika tena, kisha akatoa leso akajifanya anapangusa jasho.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja mwenyewe ofisini kwa Barasa akiwa na kalamu nyekundu. Barasa alinisimulia baadaye kwamba aliisoma sampuli mstari kwa mstari, akakuta kosa moja la tahajia.

"Hili ni lako au la mashine?"

"Langu, mwalimu."

"Afadhali. La mashine ningeliogopa."

Akamwachia mitihani ya madarasa manne.

Meneja hakuwahi kulitaja jambo lile. Lakini fomu mpya zilipochapishwa, zilikuwa na nafasi pana chini, na swali: Mteja atafanya kazi gani na mashine hii, na kwa namna gani? Alinikabidhi rundo, akaenda zake.

Baadaye nilihamishiwa dawati la mafunzo, kisha nikawa msimamizi wa maagizo chini ya meneja mwingine, mwanamke mwenye haraka na roho nzuri. Kabla muongo ule haujaisha Barasa alirudi kuagiza mashine ya pili. Aliomba fomu, akaijaza mwenyewe, hakuniuliza swali hata moja. Nilikaa tu nikimtazama.

Siku hizi naishi Njiru, nimestaafu, na vijana huniuliza kama haikuwa kazi ya kuchosha, kujaza fomu miaka yote ile. Ilichosha. Mashine nyingi nilizoziagiza zimekwisha kuwa vyuma chakavu, na hilo halinisumbui. Ninachokikumbuka ni siku yangu ya mwisho. Wenzangu walikuwa wamenunua keki, wananiita. Kukaingia mama mmoja wa makamo, mkoba kifuani, akasema anataka kompyuta ila hajui aanzie wapi.

"Anzia asubuhi," nilimwambia, nikamvutia kiti. "Ukiamka, kazi yako ya kwanza ni ipi?"

Akaketi, akaanza kunieleza. Keki ikangoja.