Kahawa ya Mashine

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi mjini Bukoba, mama mmoja kutoka Muleba aliweka kifuko cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni.

“Unamtumia nani, mama?” karani akauliza.

“Mashine. Ya hospitali, huko India.”

Foleni nzima tulicheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba homa ya mapafu ilimbana bintiye anayesoma huko, hadi mapafu yakashindwa kazi. Madaktari wakaitoa damu yake kwa mipira, ikapita kwenye mashine, ikatiwa hewa, ikarudishwa mwilini. Akapitisha kidole kutoka shingoni hadi kwenye kaunta, kisha akakirudisha taratibu kifuani.

“Mapafu yake yakapumzika. Mashine ikampumulia mpaka akapona.”

Kicheko kilikwisha. Karani akasema kwa sauti ya chini, “Lakini mama, mashine haitafuni.”

“Najua. Watatafuna wanaoihudumia. Ila ukiandika wapokeaji, anza na yenyewe.”

Karani akaandika. Nami, nyuma ya yule mama, nikajikuta navuta pumzi ndefu, ya bure kabisa, ambayo kwa ajili yake sijawahi kumtumia mtu hata punje moja ya kahawa.