Kaunta ya Kimo cha Mkewe

Fundi cherehani huyu watu walimwita Pindo, maana kila nguo aliyoshona aliiachia pindo pana. Ukimuuliza, atakwambia mtoto hukua, mtu mzima hunenepa, na kitambaa kikishakatwa hakiongezeki. Akili hiyo ilimlisha miaka thelathini na mitano. Jikoni ilikuja kumtia aibu.

Mkewe alipika miaka yote hiyo kwenye kimeza kifupi, ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kila jioni alilalamikia mgongo. Alichotaka ni kaunta tu, ubao mmoja mpana juu ya makabati mawili, naye asimame wima kama watu wengine. Pindo akajitia hamnazo. Mtu anayeshinda kwenye kiti, atajua nini? Akamjibu kwamba mgongo humuuma kila mtu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, jamani. Binti yao alipojifungua, mama akafunga mzigo kwenda kumsaidia kwa wiki tatu. Mlangoni akageuka.

"Nitarudi siku nitakayokata kitunguu nimesimama wima," alisema.

Miezi minane ikapita. Majuto ni mjukuu, na Pindo alipata vyote viwili kwa mpigo. Nyumba ilipoa hadi akawa anaendesha cherehani bila uzi, asikie tu kitu kinalia. Upweke ulikuwa unamla, tusifichane. Mwisho akapiga moyo konde: kaunta ataiweka mwenyewe, kwa mikono yake, na mkewe atarudi.

Seremala wa mtaa wa pili alimletea makabati na ubao, akauliza miguu ya makabati aikate kimo gani. Pindo akamwambia aiache, ataikata mwenyewe. Alipobaki peke yake akatoa gauni la mkewe, lile la maua ya buluu alilomshonea mwenyewe, akalitundika ukutani jikoni, pindo likaning'inia pale pale linapofika akilivaa. Akaupapasa mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, akashuka kiganja kimoja, akachora mstari ukutani kwa chaki yake ya kushonea. Kazi ile ilikuwa ya dakika mbili. Alikaa nayo nusu saa.

Miguu ilikatika vizuri. Balaa likawa ubao. Pindo alipima ukuta hadi ukuta, kisha alipoukata, mkono wake, kwa mazoea, ukaongeza vidole viwili huku na vidole viwili kule. Alipojaribu kuupachika, ubao ukagoma na kukwangua rangi ya ukuta. Seremala aliposikia alicheka hadi akakaa chini, akamwambia ubao haukunjwi, fundi. Pindo akacheka naye, ila alipofika nyumbani akajuta kwamba hapakuwa na mtu wa kumsimulia.

Akaukata upya kwa msumeno wa mkono, asubuhi nzima. Sasa kuunyanyua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ubao ule ulitaka watu wawili, mmoja kila upande. Alisimama mlangoni akatazama barabara. Wateja wake wa zamani walipita na nguo za dukani, zilizoshonwa tayari, wakampungia mkono, wakaenda zao. Basi akaisukuma cherehani kutoka sebuleni, akaegesha upande mmoja wa ubao juu yake, akanyanyua upande wa pili kwa bega. Ubao ukakaa. Akaukaza kwa skrubu, akaziba mwanya wa ukutani kwa gundi, akaweka sahani ya maji juu yake aone kama umelala sawa. Maji yakatulia.

Akampigia simu mkewe, akamwambia kaunta tayari.

Mkewe akauliza kimo amekipataje wakati yeye hayupo. Pindo akamweleza habari ya gauni. Akauliza lipi. La maua ya buluu. Halafu akauliza kama kaunta ameshaitumia.

Pindo akasema amejaribu kitunguu kimoja. Lakini yeye amemzidi mkewe kichwa kizima, imembidi ainame, na mgongo unamkatika, hata nusu hajafika.

"Sasa umeujua mgongo wangu," mkewe alisema. Hakuwa na hasira. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nyuma yake mtoto akaanza kulia, mkewe akasema atapiga baadaye.

Simu haikulia siku hiyo, wala kesho yake. Pindo alikuwa ameshaleta matofali manne ya kuinulia yale makabati, yafike kwenye kiwiko chake yeye. Akayarudisha uani, moja moja. Kisha akaingia jikoni, akachukua kitunguu kingine, akainama.