Parachichi Juu ya Msumeno

Naanza kwa kukiri, maana mdogo wangu ameshatangazia nusu ya Tukuyu: niliupaka msumeno wa meza wa mama parachichi. Siyo kwamba lilidondoka kwa bahati mbaya. Parachichi zima, lililoiva, la mti wetu wenyewe, nikalisugua kwa kiganja kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Nijitetee kidogo. Mama ni fundi seremala, na karakana yake iko hapo hapo uani. Huku kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Chuma ukikisahau siku mbili kimeota kutu. Ndiyo maana kila wiki ile meza ya chuma, ambayo mbao hupita juu yake kwenda kwenye jino, ile sahani ya msumeno inayozunguka, inasuguliwa kwa mshumaa. Nta inazuia kutu, na mbao zinateleza bila kusukumwa kwa nguvu. Kazi hiyo ni yangu tangu kidato cha kwanza.

Jumanne hiyo mama alikwenda msibani Kyimo, akaniachia maagizo na mshumaa mzima. Mshumaa nikaumalizia chini ya ubao wangu wa kutelezea, ule tunaoshuka nao mteremko wa nyuma ya kanisa. Nilishinda wote, ila mashine ikabaki kavu. Nikawaza: parachichi lina mafuta, mafuta yanateleza, hii si fizikia tu? Nikapaka, nikafuta kwa gazeti, meza ikang'aa kuliko viatu vya mchungaji.

Ningechagua hata wiki nyingine. Wiki hiyo mama alikuwa na kabati la mfanyabiashara wa mjini, mzee ambaye ukoo wao ulitoka pwani zamani. Siku ya kuagiza alimkuta mama ameshika tepu, penseli sikioni, bado akauliza:

"Samahani mama, fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Mzee akachungulia nyuma ya mama, labda fundi kajificha. Mwisho akasema atengenezewe kabati moja kwanza, atalifuata Jumamosi baada ya adhuhuri. Likimridhisha, rafu zote za duka lake jipya ni za mama. Lisipomridhisha, basi.

Jumatano natoka shule, namkuta mama anapasua mbao za milango ya kabati hilo. Paini inapita kama inaitwa.

"Leo mashine inateleza," akasema.

"Mikono ya mwanao hiyo," nikajibu, kifua mbele.

Alipomaliza akazigeuza. Kwa chini zilikuwa na michirizi ya kijani, kwingine myeusi, na vumbi limegandia kama ukoko wa ugali. Akajaribu vanishi kwenye kona. Vanishi ikajikusanya matone matone, ikagoma kushika. Akanusa ubao. Kabla sijapata uongo wa maana, mdogo wangu, wa darasa la nne, akapaza sauti kutoka mlangoni:

"Mama, kaka aliipaka kachumbari!"

"Siyo kachumbari," nikasema. "Parachichi tupu. Hata chumvi sikuweka."

Mama akihamia Kinyakyusa, ujue Kiswahili kimeshindwa kubeba mzigo. Alihama. Aliporudi alikuwa ametulia, na huko kutulia ndiko kulikonitisha.

"Mbao nyingine kavu sina, na mbichi zitapinda. Yule mzee ataondoka akisema alijua tu." Akaiangalia mashine. "Chomoa waya."

Nikachomoa. Kwa sheria ya mama, plagi inawekwa juu ya stuli mbele ya macho yako, ndipo uguse jino. Tukalitoa jino, nikalisugua kwa mafuta ya taa, meno yake yote, hadi utomvu wa paini ukaachia. Mdogo wangu alileta mswaki wa kusugulia kwa moyo mkunjufu kabisa. Ulikuwa wangu. Nikaingia tumboni mwa mashine kwa brashi, nikatoa vumbi lililolowa mafuta, na kwenye mfereji wa meza nikakuta vipande vya parachichi vyeusi, siafu wameshafanya mkutano. Maji ya sabuni, kitambaa kikavu, halafu mshumaa mpya, wa hela yangu ya maandazi. Nikasugua hadi nikajiona usoni, na sikuwa mzuri.

Halafu mbao. Nilizipiga randa ya mkono jioni hiyo na kesho yake, maranda membamba kama unyoya yakidondoka, hadi doa la mwisho likatoka. Malengelenge niliyopata nilikuwa nayaonyesha darasani kama medali. Ijumaa mama akapaka vanishi. Ikashika.

Jumamosi mzee akaja. Akafungua milango, akafunga, akapitisha vidole upande wa chini, pale pale. Mimi nilikuwa namwangalia kuku. Kisha akaiona mashine, akatelezesha kidole juu ya meza.

"Inang'aa hii. Nani anaitunza?"

"Huyo hapo," mama akasema. "Ana njia zake."

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Haya, fundi," mzee akamwambia mama, "Jumatatu uje dukani upime rafu." Akamshukuru kwa Kinyakyusa chetu: "Ndaga fijo."

Fundi! Mama alimsindikiza hadi barabarani, kabati likipakiwa, akarudi akijaribu kutocheka. Akaniangalia, akauangalia mparachichi, akasema:

"Kuanzia leo, parachichi utalila ukiwa umesimama mbele yangu, nione linapita kooni."