Chunusi Aliyefuatwa kwa Kamba

Kwaru, kwaru, kwaru. Ndivyo nyumba ya Mboni pale Mabawa ilivyolia mwezi mzima kabla ya harusi yake, jiwe likisaga liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka usoni. Mboni ni fundi cherehani. Mshono ukipinda, hufumua akaanza upya. Na uso wake uliojaa vipele akataka kuutendea vivyo hivyo. Juu ya liwa akapaka mafuta ya nazi, juu ya mafuta dawa ya meno, juu ya dawa ya meno krimu ya sokoni isiyo na jina. Kila kipele alichokikamua kiliita ndugu zake.

Jirani yake Bertha, muuguzi, akamshika kidevu.

"Shoga, huu uso au chuma cha vitumbua? Vitundu vya ngozi vimezibwa na mafuta, nawe unazidi kuvisiliba. Acha yote. Osha kwa sabuni laini asubuhi na jioni, paka dawa tutakayokupa zahanati, na usikamue. Miezi miwili utaona nafuu."

"Miezi miwili! Naolewa Ijumaa!"

"Basi olewa na chunusi zako."

Mboni akajifungia ndani, akampigia bibi yake, Bi Semeni, kule Kigombe.

"Bibi, nimevamiwa na chunusi! Waambie kina Luqmani harusi isogezwe..."

Simu ikaisha chaji.

Kigombe, ukitaja chunusi, hakuna anayefikiria kipele. Humfikiria yule pepo wa baharini, anayemvuta muogaji mguu asionekane tena.

Adhuhuri bodaboda mbili zikafunga breki mlangoni. Ya kwanza ilimshusha Bi Semeni na kifurushi cha ubani. Ya pili ilimshusha Luqmani, bwana harusi mwenyewe, kamba ya nanga begani.

Mboni akatoka mbio, kasahau kujifunika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko wapi huyo chunusi?"

Mboni akagusa shavu.

Luqmani akaitazama kamba, akalitazama shavu.

"Hawa? Mimi wamenijaa mgongo mzima! Nimebeba kamba pima ishirini nije kukuopoa, Mboni. Njia nzima nakulilia."

"Mwanaharamu!" Bi Semeni akamaka. "Miaka sabini na mbili, nipande pikipiki kwa vipele! Haya sema, harusi isogezwe mpaka lini?"

Mboni hakujifunika. Aliishika ncha ya kamba, akaizungusha kidoleni, akasema kwa sauti ndogo mno:

"Ijumaa hiihii."