Wali wa Kufeli kwa Mwanahamisi

Leo nimeletewa sahani ya wali na kuku kwa sababu mtoto amefeli.

Msirudie kusoma. Mmesoma sawasawa.

Matokeo ya darasa la saba yametoka. Jirani yangu hapa Mbuchi, Mzee Mkumba, alimwagiza mjukuu wake Mwanahamisi afeli makusudi, asije akapangiwa sekondari ya mbali, akaishi peke yake chumba cha kupanga na kurudi na mimba. Si yeye tu, wengi huku hufanya hivyo. Mtoto kafeli, babu kachinja.

Sikuligusa tonge. Nilikwenda uani kwake na ulimi wangu huu mnaoujua.

"Mzee, unamchinjia kuku mtoto uliyemzika hai?"

Akacheka. "Kula kwanza, mwanangu, ugomvi haupoi. Mjukuu wangu msikivu, basi!"

Nikaondoka. Mwanahamisi akanifuata hadi kwenye ua wa makuti.

"Shangazi, mie sikufeli makusudi. Nilitaka kwenda. Nilijibu yote niliyoyajua."

Miaka saba kakaa kwenye dawati la shule!

Hotuba yangu yote ilikuwa ya kumsema babu. Kumbe babu alijisumbua bure, shule yetu ingemfelisha bila msaada wake.

"Nimwambie babu yako?"

"Usimwambie, shangazi. Sijawahi kusifiwa kwa mtihani."



Mimi nimerudi nyumbani, nikaula ule wali.