Mji wa Shangazi

Shangazi yangu alifua shuka za hospitali kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo alikuwa akijenga mji. Mji wenyewe ulikuwa kichwani mwake, lakini sisi watoto wa kaka yake tuliijua mitaa yake kuliko tulivyoujua mtaa wetu.

Jumamosi mchana alituita chumbani kwake tumsaidie kukunja nguo. Tulishika ncha za shuka wawili wawili, tukasogeleana, tukaachana, kama watu wanaojifunza dansi, naye akisimulia. Katika mji wake mwalimu akikosea aliomba radhi mbele ya darasa. Mwenye gari alimpisha mwenda kwa miguu. Mfagia barabara ndiye aliyesalimiwa kwanza, hata na mkubwa wa mji.

"Na vitunguu vipo?" aliuliza mdogo wangu, ambaye alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na vitunguu.

"Vipo, ila halazimishwi mtu."

Mumewe, fundi saa, aliinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa akiichokonoa. "Jamani, mke wangu ana makazi mawili. Hapa tunaishi wote. Kule kwake sijapewa hata ufunguo!"

"Kule hakuna funguo, mume wangu. Sukuma tu mlango uingie."

Tulicheka mpaka shuka ikatuponyoka, ikabidi tuanze upya. Natamani hata leo mtu aniambie nianze upya namna ile.

Jumamosi moja dada yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliuliza swali jingine. "Shangazi, kwenye mji wako, wale wanaofua shuka zenye damu wanakula wapi?"

Shangazi alichukua shuka kutoka mikononi mwetu. Alikunja tatu peke yake, kisha akatuambia twende tukacheze.

Tulikuja kuelewa baadaye. Pale kazini kwao, mashine na pasi zilikuwa juu, pamoja na meza ndefu ya chakula cha mchana. Chini, ukiteremka ngazi kumi na moja, kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na huko ndiko zilikochambuliwa shuka zilizotoka wodini na damu na matapishi. Aliyezichambua alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Bi Kimya. Hakuna aliyemkataza kupanda juu. Ila alipokaa mezani wenzake walisogeza sahani zao kidogo, na kesho yake kidogo tena, hadi akaacha kupanda.

"Na mimi nilisogeza yangu," Shangazi alikiri siku alipotusimulia. "Miaka saba mtu anakula peke yake chini ya miguu yangu, na mimi huku nawajengea watu mji."

Jumatatu baada ya swali lile la dada yangu, alichukua chakula chake akateremka.

"Umefukuzwa?" Bi Kimya alimuuliza.

"Nimekuja kula."

"Huku kunanuka."

"Nimesikia. Hebu sogea nikae."

Kwa wiki tatu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Juu, maneno yakaanza. Mpiga pasi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimwambia mbele ya watu, "Ukitoka huko na harufu yako, shuka zangu uzikalie mbali." Wakaacha kurudi nyumbani pamoja. Jioni tulimwona Shangazi akija peke yake, akiburuta kiatu kimoja, akipita mlangoni kwa rafiki yake bila kugeuza shingo. Mumewe alimshauri aache. "Mke wangu, ukarimu huu utakuacha bila mtu."

"Nikiuacha, nitakuwa na watu wa kufanya nao nini?" alimjibu, kisha akalia, na sisi tukajifanya tunatazama saa ukutani.

Wiki ya nne Bi Kimya akafungua mdomo, na kumbe alikuwa kiboko! Alijua kumwigiza msimamizi wao anavyokohoa kabla ya kugomba, anavyoshika kiuno, anavyotafuta miwani iliyo juu ya paji lake. Vicheko vikapanda ngazi. Mpiga pasi akavumilia siku mbili. Siku ya tatu akasimama ngazi ya kwanza.

"Mnacheka nini huko?"

"Shuka uone," alijibu Shangazi.

Akateremka ngazi tano, na sahani yake mkononi. Alikula amesimama pale pale, ameziba pua kwa kanga, akicheka. Keshoye alikaa. Mvua zilipoanza, walikuwa wanne chini, wakamwendea msimamizi kuomba dirisha.

"Miaka yote hii hakuna aliyelalamika," alisema yule bwana.

"Nilikuwa sina wa kulalamika naye," akasema Bi Kimya.

Dirisha likatobolewa, dogo, halizidi sinia. Usidhani wote waliteremka. Wapo waliokula juu mpaka wanastaafu, na walipokutana na Bi Kimya koridoni walijibana ukutani. Shangazi hakuwasema vibaya. Alidai mji wowote una watu wanaochelewa kuhamia.

Ametutoka miaka minne sasa. Tukikutana, dada yangu hushikilia kwamba mji ule ulikuwa na gereza, dogo, la watu watatu tu, na kwamba Shangazi mwenyewe alimwambia. Mimi nakataa katakata; nasema palikuwa na bustani mahali hapo, na nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Fundi saa naye, mzee sasa, hutusikiliza akitikisa kichwa. Mara ya mwisho tulibishana hadi chai ikapoa, na mtu wa kumuuliza hayupo.